Viwanda vya dawa za asili viangalie moto na vumbi



Natoa maoni yangu juu ya hatari iliyomo katika viwanda vidogo vya dawa za asili, ambavyo tumeviona vingi hasa tangu ugonjwa wa korona ulipoingia nchini mwaka 2020.

Mabishano juu ya dawa hizi huwa ni kama zinaponya au haziponyi. Juu ya kijana anayezisaga na kuziloweka hakuna anayeuliza. Mimi nimefanya kazi hiyo miaka kadhaa, kwa hiyo nasema jambo ninalolijua.

Kiwandani kwetu tulikuwa tukiloweka magome katika mapipa ya spiriti. Chumba cha pili kulikuwa na jiko la mkaa la kuchemshia chupa. Siku moja mwenzetu alikuwa akimimina spiriti kutoka kwenye dumu la lita 20, mlango wa katikati ukiwa wazi, mara moto ukamrukia miguuni. Hakuwa na sigara wala kiberiti. Mwenye kiwanda alisema ni uzembe. Sikubaliani naye hata kidogo. Mvuke wa spiriti ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni mpaka ukute moto, kisha moto huufuata mvuke huo hadi ulikotoka. Spiriti kali hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye nyuzi 13 za Sentigredi, na sisi wa Dar es Salaam baridi ya namna hiyo tuliipata lini? Tena mchana mwali wake ni hafifu mno, mtu huweza kuungua kabla hajauona. Kijana yule alilazwa wiki saba, na gharama tulichanga sisi wafanyakazi wenzake.

Kuzuia jambo hilo hakuhitaji fedha za kigeni. Jiko likae nje, mbali na spiriti, na chupa ziletwe ndani zikiwa zimechemshwa tayari. Matundu ya hewa yatobolewe chini ukutani, kwa kuwa mvuke uko chini. Spiriti ya kazi ya siku hiyo tu ndiyo iingizwe chumbani.

Halafu kuna vumbi. Wengi wetu tunadhani vumbi la dawa ni la kupigisha chafya tu. Mwaka 2008 katika kiwanda cha Imperial Sugar, huko Port Wentworth, jimbo la Georgia, Marekani, vumbi la sukari lililipuka na watu 14 wakafa. Sukari hii hii ya chai! Unga laini wa majani makavu nao huungua, na ukitanda hewani ndani ya chumba kilichofungwa unaweza kulipuka ukipata cheche. Cheche haziko mbali: magunia ya magome huja na misumari na mawe, navyo vikiingia katika mashine ya kusagia kila mtu husikia mlio wake. Magome yachekechwe na kupitishiwa sumaku kwanza. Vumbi lililolala juu ya kenchi lifutwe kila siku kwa kitambaa chenye maji, lisipeperushwe kwa ufagio. Na mkanda wa mashine uwekewe kinga, nguo zisinaswe.

Sitasema mengi juu ya ukungu, ila majani yasiyokauka vizuri huweza kuota sumukuvu. Watu wa Dodoma na Manyara waliopoteza ndugu zao mwaka 2016 kwa mahindi yenye sumu hiyo wanaielewa.

Sheria tunazo. Ile ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya mwaka 2002, na ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003. Kiwandani kwetu waliwahi kuja watu kuangalia chupa na karatasi zake, lakini chumba cha mapipa hawakukifungua. Naomba wahusika wa sheria hizi mbili waende pamoja, na SIDO iwafundishe wenye viwanda jinsi ya kupanga vyumba kabla hawajanunua mashine. Wakifika, waanze kwa kuuliza jiko liko wapi.

Mfanyakazi,
Dar es Salaam.