Kabla ya Bwawa Lingine, Sikilizeni Paipu

Watu wa Timau, tuongee ukweli. Kila kiangazi stori ni ile ile: maji kwa zamu, mtungi wa lita 20 unageuka biashara, halafu mwanasiasa anakuja kuahidi bwawa. Hakuna anayeuliza yale maji tunayo tayari yanaendea wapi.

Kwa ripoti za WASREB, wale wanaosimamia huduma za maji Kenya, kampuni za maji hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayotoka kwa mitambo. Sawa, kuna ya wizi na ya mita mbovu. Lakini mengine yanavuja chini kwa chini, mahali hakuna mtu wa kupiga picha aposti.

Na paipu inayovuja hupiga kelele. Maji yenye presha yakipenya kwa ufa yanatoa mlio wa "shhhh", na paipu yenyewe inatetemeka. Mafundi wa kitambo walikuwa wanasimamisha fimbo ya chuma juu ya valvu, wanaweka sikio upande wa juu, basi. Kazi ya saa nane usiku, mifereji ikiwa imefungwa, presha iko juu na malori ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru yamepungua.

Siku hizi unafunga maikrofoni mbili, moja kila upande wa ufa, na mashine inapima sauti imefika wapi kwanza. Chukua paipu ya chuma ya mita 100, sauti inakimbia mita 1,200 kwa sekunde. Ikifika upande mmoja sekunde 0.02 mapema, ufa uko mita 38 kutoka hapo. Unachimba shimo moja, si shamba lote la viazi la mtu.

Sasa, shida yetu ni plastiki. Paipu nyingi za miradi ya jamii ni za plastiki, na plastiki inameza sauti. Kwa hivyo mtu akikuja kuwauzia mashine, mwulizeni aliijaribu kwa paipu gani. Maikrofoni lazima zikaribiane, na lazima ujue laini imepita wapi. Hapo ndio kuna noma, kwa sababu ramani iko kwa kichwa cha mzee mmoja aliyechimba mtaro.

Wengine watasema maji yakivuja yanarudi ardhini. Mwambie hivyo mfugaji wa Isiolo anayengoja Ewaso Ng'iro mwezi wa pili. Tunayatoa mtoni huku juu, hatuyanywi, na yeye pia hayaoni.

Vijana wawili, fimbo moja, na posho ya usiku. Hiyo mradi wowote unaweza. Mkutano ujao, kabla hawajaanza maneno ya bwawa, uliza swali moja: mita ya tanki inasoma nini saa nane usiku, wakati nyote mmelala?