Mazungumzo ya Nyumbani: Duka Dogo na Neno Lisilosemwa

Mwezi huu twapenda kunena na wenye maduka madogo, na wenye magenge na meza za sokoni, na akina mama wauzao vitumbua asubuhi, na walimu ambao mishahara yao haikutosha wakafungua kibanda kando ya nyumba. Watu hao ni wengi katika jamaa zetu, wala haifai tunene kila mwezi habari za nyumba ya Kikristo tukaiacha kazi inayoilisha nyumba hiyo.

Watu wakiona duka limefungwa husema, “Mtaji ulikuwa mdogo,” au, “Mahali pale hapana wanunuzi.” Pengine ni kweli. Walakini mara nyingi twaona sababu nyingine, nayo ni hii: yalikuwako maneno matatu ambayo mwenye duka alipaswa kuyasema, naye hakuyasema. Hakutaja bei yake waziwazi; hakusema “La” alipoombwa mkopo; wala hakusema “Nilipe” siku ya kulipwa ilipofika. Ulimi ulinyamaza, na mali ikaondoka kimyakimya. Basi na tuyatazame maneno hayo, moja moja.

Neno la kwanza ni bei.

Kupatana bei ni desturi ya zamani katika masoko yetu, wala hatuilaumu. Muuzaji na mnunuzi wote wawili waijua, nao hucheka pamoja. Lakini iko desturi nyingine iliyo mbaya: mgeni hutajiwa bei hii na mwenyeji bei ile; mtoto aliyetumwa hutozwa zaidi kwa kuwa hajui; na mtu mpole hulipa kuliko mwenye ulimi mkali. Siku hizi jambo hili limeingia hata katika simu. Mtu huonyesha picha ya nguo nzuri mbele ya watu wote, na akiulizwa bei hujibu, “Njoo faraghani.” Aulizaye hujiambia moyoni, “Huyu ataka kuupima mfuko wangu kwanza,” naye huenda zake.

Huko Uingereza, katika karne ya 17, lilitokea kundi la Wakristo waitwao Marafiki, na kiongozi wao wa kwanza alikuwa George Fox. Ndugu zetu wa magharibi ya Kenya wawajua vema, maana wamisionari wa kundi hilo walifika Kaimosi mwaka 1902. Marafiki hao waliona ya kuwa kumtajia mtu kumi, hali moyoni umekwisha kubali sita, ni namna ya uongo. Kwa hiyo wenye maduka miongoni mwao walitaja bei moja kwa kila mtu. Hapo kwanza watu waliuona mwenendo wao kuwa wa ajabu, wakawaepuka. Baadaye walitambua kwamba mtu hata akimtuma mtoto dukani mwao, atatendewa haki ile ile kama kwamba amekwenda mwenyewe. Na biashara yao ikakua. Fox mwenyewe aliandika habari hiyo katika kumbukumbu zake.

Kipimo cha duka lako, basi, ni mtoto aliyetumwa. Andika bei katika karatasi, uibandike mahali paonekanapo. Ukipenda kumpunguzia anunuaye vingi, liandike hilo nalo: kilo moja bei hii, kilo tano bei hii. Vitu vikipanda katika duka la jumla, usimshtue mnunuzi akiwa amekwisha fungua mkono, mwambie mapema, “Mama, sukari imepanda huko tununuako, kuanzia Jumatatu bei yangu nayo itapanda.” Atanung’unika kidogo, lakini atajua ya kuwa humfichi kitu. Na mizani yako iwe mbele ya macho yake, si nyuma ya gunia. Mlango wa 11 wa Mithali waanza na habari za mizani, wala si bure.

Neno la pili ni “La.”

Kabla ya kunena habari za mkopo, na tufanye hesabu, maana wengi hawajaifanya. Tuseme umenunua kilo ya sukari kwa shilingi 2,600, nawe waiuza kwa 2,800. Faida yako ni shilingi 200. Jirani akichukua kilo moja asilipe, umepoteza shilingi 2,600 za mtaji. Gawanya 2,600 kwa 200, utapata 13. Maana yake, yakupasa kuwauzia wengine kilo 13 ndipo urudi pale ulipokuwa jana. Na katika kilo hizo zote 13 hutapata hata senti ya kununulia chumvi ya nyumbani. Kilo moja tu! Je, kama ni kilo kumi katika mwezi? Hapo ndipo karo ya watoto inapokwenda, nawe wamlaumu mchawi.

Tarehe 21 Desemba mwaka 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, wafuma nguo na mafundi wenzao walifungua duka lao wenyewe. Walikuwa 28 kwa hesabu, na mtaji wao ulikuwa paundi 28. Vitu vyao vilikuwa vichache: unga, siagi, sukari, shayiri na mishumaa. Walikuwa maskini, nao waliyajua maduka ya siku zile yaliyowafunga watu kwa madeni na kuwauzia vyakula vilivyochanganywa na uchafu. Kwa hiyo waliweka sharti: bidhaa safi, kipimo cha haki, na fedha taslimu, bila mkopo. Duka hilo halikufa; hata leo vyama vya ushirika vya nchi nyingi hulihesabu kama mzazi wao.

Hatusemi kwamba kila duka lazima lifanye kama Rochdale. Mkulima hupata fedha wakati wa mavuno, na mwalimu mwisho wa mwezi; pengine kumkopesha mtu mwaminifu ndiko kumweka karibu. Lakini ukikopesha, mambo matatu yasemwe kabla kitu hakijatoka mlangoni: nani, kiasi gani, na mpaka siku gani. Tena jiwekee mpaka: ukisha kuwakopesha watu watano, wa sita angoje mmoja wao alipe.

Hapa msomaji atatuuliza, “Je, Mkristo amfukuze ndugu mwenye njaa?” Hasha! Lakini sadaka ni kitu kimoja, na mkopo ni kitu kingine, na aibu nyingi katika vijiji vyetu zimetoka katika kuvichanganya. Wengi wetu hatukopeshi kwa upendo. Twakopesha kwa haya. Twaogopa kuitwa wachoyo, nasi twatoa, kisha twakaa na uchungu moyoni kama mtu aliyeibiwa. Kilichotolewa kwa uchungu wa namna hiyo hakikuwa sadaka, wala hakikuwa biashara.

Afadhali kila juma utenge fungu dogo katika faida kwa ajili ya wahitaji, nalo likae mbali na mtaji. Ndugu akija, mwambie hivi kwa sauti ya upole: “Kaka, neno lako nimelisikia. Mali hii ina karo ya watoto ndani yake, siwezi kuikopesha. Lakini chukua nusu kilo hii. Si deni, ni zawadi, usinirudishie.” Maneno hayo ni machache, lakini yana faida tatu. Ndugu hakuondoka mikono mitupu. Mtaji wako umebaki. Na kesho mkikutana njiani, hapana kati yenu atakayeinamisha uso. Fungu likiisha, sema kwamba limeisha. Hiyo nayo ni kweli, na kweli haimtukani mtu.

Neno la tatu ni “Nilipe.”

Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Tazama jinsi deni lisilosemwa lifanyavyo kazi. Mwezi wa kwanza mdaiwa hupita dukani akasalimu kwa mbali. Mwezi wa pili hupita njia ya nyuma. Mwezi wa tatu mkewe hununua chumvi katika duka jingine, na Jumapili hukaa upande wa pili wa kanisa, pengine haji kabisa. Mwenye duka amepoteza fedha, na mnunuzi, na ndugu, kwa sababu ya neno moja ambalo wote wawili waliliogopa.

Lisemwe mapema, basi, wala lisisemwe mbele za watu. Usimdai mtu sokoni, wala mlangoni pa kanisa, wala usimtume mtoto. Mwendee kwake siku mbili kabla ya siku mliyopatana, umwambie, “Mzee, nimekuja kukumbushana. Ijumaa ndiyo siku yetu. Je, mambo yamekwendaje?” Kama hana zote, mwombe alipe kidogo kidogo, mpatane tena, uandike mbele yake. Mtu aliyelipa robo huona kwamba anaweza kulipa nusu. Mtu aliyetukanwa halipi kitu, maana tusi amelihesabu kuwa ndiyo malipo.

Nayo haiwezekani bila kitabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1494 mtawa mmoja wa shirika la Mtakatifu Fransisko, Luca Pacioli, alichapisha katika mji wa Venice kitabu kikubwa cha hesabu, na ndani yake alieleza jinsi wafanya biashara wa mji huo walivyoandika mali zao. Kitabu chao cha kwanza kilikuwa cha kila siku, ambacho huandikwa mambo yote, makubwa na madogo, yanapotokea. Kama matajiri wa Venice waliandika na madogo, sisi wenye rafu mbili tutasema nini? Daftari la mtoto wa shule latosha: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, anayedaiwa.

Tena andika na deni la mwenye nyumba. Liko duka ambalo halikuliwa na majirani, bali lililiwa na baba aliyepita jioni akachukua noti katika kopo, na mama aliyechukua mafuta ya kupikia, na watoto waliochukua peremende. Wala hapana aliyeandika. Mume na mke na wapatane kiasi cha posho ya nyumba kwa juma, kisha kopo lisiguswe. Mume ambaye mkewe ndiye auzaye asione haya kuandikwa. Akifanya hivyo, amemheshimu mkewe kuliko kumsifu kwa maneno.

Na neno juu ya malipo ya simu. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, wanunuzi wengi hulipa kwa njia hiyo, na ni njia nzuri, maana huacha kumbukumbu. Lakini wako wadanganyifu waonyeshao ujumbe wa uongo. Usitazame simu ya mnunuzi. Tazama salio lako mwenyewe. Sema bila hofu, “Subiri kidogo, ndugu, nione kama imefika.” Mwaminifu hataudhika, na mwongo atajua kwamba hapa pana macho.

Hayo matatu ni maneno ya kusema. Sasa liko tendo moja la kunyamaza, nalo ni kusikiliza. Muuzaji mwingi wa maneno huona kwamba kazi yake ni kusifu. Yule mwenye busara huuliza, “Umekosa nini leo?” kisha hunyamaza, akaandika jibu. Watu watatu wakiulizia mafuta ya taa katika juma moja, amepata shauri ambalo halikumgharimu kitu. Na mnunuzi akileta malalamiko, amsikilize mpaka mwisho kabla ya kujitetea. Maana alalamikaye bado anataka kurudi, na yule asiyetaka kurudi huondoka kimya.

Mwenye duka naye hukua kama duka lake. Hapana mtu aliyezaliwa akijua kusema “La” kwa upole. Hujifunza, leo kwa kutetemeka, kesho kwa utulivu. Kwa hiyo twawapa kazi ya mwezi huu, ifanywe na mume na mke pamoja, jioni, taa ikiwa mezani. Juma la kwanza, andikeni bei za vitu vyote. Juma la pili, fungueni daftari, na jina la mwenye nyumba liwe la kwanza katika orodha ya wadaiwa. Juma la tatu, patanisheni fungu la wahitaji na posho ya nyumba. Juma la nne, mwendeeni mdaiwa mmoja tu, yule mnayeogopa kuonana naye kuliko wote, mkaseme naye kwa amani.

Walimu wetu, nanyi mwaweza kuisomesha hesabu ile ya kilo 13 darasani. Mtoto aielewaye leo hatafunga duka lake kesho kwa sababu ya haya. Kwaherini mpaka mwezi ujao.