Mwisho wa Mchuchuma Uandikwe Kabla ya Mwanzo Wake

Habari ya makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga imesimuliwa mkoani Njombe kwa muda mrefu, hata watoto waliozaliwa mwezi wa Septemba 2011, Shirika la Maendeleo la Taifa lilipotia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya Uchina, wamekwisha kumaliza shule ya msingi. Na maadamu wananchi wa Ludewa waliopisha mradi wamelipwa fidia, ni haki kutarajia kwamba iko siku machimbo yatafunguliwa. Tarajio hilo ndilo linalonishurutisha kuuliza swali ambalo aghalabu huachwa mpaka wakati umepita: makaa yakiisha, pale mahali patakuwa nini?

Atakuwapo wa kuninasihi kwamba ni shani kuzungumza mazishi ya mgodi ambao haujazaliwa. Lakini kanuni za Sheria ya Madini ya mwaka 2010 zenyewe zinamtaka mchimbaji awe na mpango wa kufunga mgodi na aweke dhamana ya kuitengeneza ardhi, na walioziandika walikuwa na busara. Upungufu ninaouona ni kwamba mipango ya namna hii huishia katika kufukia mashimo na kupanda miti. Kupanda miti ni jambo jema, ila Njombe, iliyo na miwati ya kampuni ya TANWAT tangu mwaka 1949, haina haja ya mgodi kuifundisha hilo. Haja yake ni kazi ya kudumu kwa vijana wake.

Mfano tunao nyumbani. Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, Kahama, ulioanza kuzalisha mwaka 2009 na kukoma mwaka 2021, haukuachwa uwe gofu, bali umefanywa eneo maalumu la kiuchumi, kwa kuwa barabara, umeme, maji na majengo vilikwisha kuwapo, na kuvibomoa kungalikuwa israfu. Huko Bochum, Ujerumani, kiwanda cha magari ya Opel kilifunguliwa mwaka 1962 juu ya ardhi ya mgodi wa makaa wa Dannenbaum. Nacho kilipofungwa mwaka 2014, ardhi ile ile ikapokea shughuli nyingine. Kinyume chake ni Kiwira, mgodi wa makaa uliofunguliwa mwaka 1988 na kubinafsishwa mwaka 2005, ambao kisha ulinyamaza miaka mingi, na wenyeji wa nyanda zetu za juu za kusini wanaijua taabu ya ukimya ule.

Hata hivyo Mchuchuma si Kahama. Iko mbali, upande wa Ziwa Nyasa, na kiwanda hupenda kukaa penye njia. Kwa hiyo urithi wake lazima ugawanywe tangu mwanzo. Kituo cha umeme wa makaa cha megawati 600 kilichokusudiwa kitakufa pamoja na makaa yake, lakini nyaya, karakana, mabomba ya maji na barabara ya zege ya Ludewa vitabaki, iwapo vitajengwa kwa nia ya kubaki. Makambako, zinapokutana reli ya TAZARA, barabara kuu ya Zambia na barabara ya Songea, na unapoanzia msongo wa umeme wa kilovolti 220 uendao Songea, ndipo pa kuweka kongani ya viwanda vya mbao, viazi na parachichi, na mapato ya makaa yatumike kuijenga makaa yangali ardhini. Leo malori ya makaa ya mgodi wa Ngaka hupita mjini humo, nao mji hubaki na vumbi. Hilo si jambo la insafu.

Kwa hiyo nawaomba wabunge na madiwani wa Ludewa, Njombe na Makambako: msikubali jiwe la msingi liwekwe Mchuchuma kabla mpango wa kuufunga mgodi haujasomwa hadharani kwa Kiswahili, ukitaja viwanda vitakavyorithi, ardhi yake na fungu la fedha litakalotengwa kila mwaka.