Rejime ya mali: tuzungumze kabla ya kufika komine

Siku ya ndoa ya Leta kuna swali moja ambalo wachumba wengi wanajibu bila kufikiri: mnachagua rejime gani ya mali? Wapiga picha wako tayari, familia zinasubiri nje, mmoja anataja jina alilosikia kwa rafiki, na ofisa wa eta-sivili anaandika. Dakika moja tu. Lakini dakika hiyo ndiyo itaamua, miaka ishirini baadaye, nani ni mwenye nyumba.

Sheria ya familia ya Kongo, ile ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inatoa rejime tatu. Ya kwanza ni « séparation des biens »: kila mmoja anabaki na mali yake, ya zamani na ya mbele. Ya pili ni « communauté réduite aux acquêts »: kile ulichokuwa nacho kabla ya ndoa ni chako, urizi na zawadi unazopata ni vyako, lakini kile mnachonunua kwa jasho lenu ndani ya ndoa ni cha wote wawili. Ya tatu ni « communauté universelle »: vyote vinakuwa vya wote. Msipochagua kitu, sheria inawaweka katika ile ya pili.

Tuchukue mfano. Bwana na bibi wanajenga nyumba ya dola 20.000 wakiwa ndani ya ndoa. Karatasi za parseli ziko kwa jina la bwana, kama inavyokuwa mara nyingi kwetu. Bwana anafariki na kuacha watoto.

Kama walikuwa katika rejime ya pili, nusu ya nyumba, yaani dola 10.000, ni ya mama. Si urizi, ni mali yake toka siku waliponunua. Nusu ya marehemu tu ndiyo inagawanywa: watoto wanapata robo tatu, na robo inayobaki mjane anaigawana na wazazi na ndugu za marehemu. Lakini kama walitaja « séparation des biens » kwa haraka, na mama hana karatasi yoyote ya kuonyesha mchango wake, nyumba nzima inahesabiwa kuwa ya marehemu. Sheria inamwachia mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyokaa, lakini kukaa ndani ya nyumba na kuwa mwenye nyumba ni mambo mawili.

Mama aliyeuza samaki na unga sokoni ili bwana anunue tofali na bati, akapika kwa ajili ya mafundi, huyo hana risiti. Mashemeji wanapokuja kisha matanga kusema « nyumba ni ya ndugu yetu », atajibu na nini?

Hatusemi kwamba « séparation des biens » ni mbaya. Mfanyabiashara mwenye madeni anaweza kuichagua ili kulinda mali ya mwenzake. Mjane anayeolewa tena anaweza kuichagua kwa ajili ya watoto wake wa kwanza. Ubaya ni kuchagua bila kujua.

Wengine watasema kwamba kuzungumza mali kabla ya ndoa ni kukosa upendo, ao ni kutayarisha talaka. Lakini tuangalie desturi yetu wenyewe. Siku ya mahari familia mbili zinakaa tangu asubuhi hadi jioni zikihesabu mbuzi, ngombe, vitenge na suti ya baba mkwe. Hakuna anayesema kwamba hiyo inaua upendo. Kama tunaweza kujadili mbuzi saa sita, tunashindwa nini kujadili nyumba saa moja?

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Komine ziwaeleze wachumba rejime hizi tatu kwa Kiswahili siku wanapoleta ombi la ndoa, si siku ya sherehe. Na makanisa na misikiti, ambayo tayari inatoa mafundisho kwa wachumba, yaweke somo hilo ndani.

Na wale waliokwisha kuoana, wakaona sasa kwamba walichagua vibaya? Karatasi iliyotiwa sahihi sebuleni mbele ya wazee haitoshi kubadilisha kilichoandikwa kwenye cheti cha ndoa. Waende wote wawili kwa avoka ao kwenye « tribunal de paix » waelezwe njia ya sheria. Wakati huo wasome cheti chao, maana wengi hawajui hata kimeandikwa rejime gani. Wanaponunua parseli, waandike majina yote mawili. Na wakumbuke kwamba katika rejime yoyote ile, kuuza nyumba kunaomba ukubali wa wote wawili.

Wale waliooana kwa desturi tu wana kazi ya kwanza kabla ya zote: kuandikisha ndoa yao. Bila hiyo, mbele ya mnunuzi ao mdai, mama atapata taabu kuonyesha kwamba yeye ni bibi wa mtu, kabla hata ya kuulizwa rejime yake.