Kivuli cha kulipia

Kuna neno moja linalowaponza wazazi wetu hapa Arizona. Neno lenyewe ni makumbusho. Ukimwambia mzazi aliyetoka Uvira, Bujumbura au Kigoma kwamba Jumamosi ampeleke mwanawe makumbusho, anachokiona kichwani ni kabati la kioo, mkuki wenye kutu na mzee wa zamu anayesema usiguse. Sasa nani atatoka na watoto wanne kwenye jua hili akaangalie mkuki?

Ndugu zangu, leo nataka tuzungumze habari ya watoto na jangwa. Nawaambia hasa Waswahili mlioko Phoenix, Tucson na vitongoji vyake. Najua mpo wengi, maana Kiswahili cha Kongo na cha Burundi nakisikia kwenye basi, sokoni na kanisani. Na ninyi mlioko nyumbani mnaodhani Marekani yote ni theluji, sogezeni viti.

Kwanza joto lenyewe. Mwaka 2023 hapa Phoenix, kwa siku 31 mfululizo, joto lilifika au kupita nyuzi 110 za Fahrenheit, yaani zaidi ya 43 za Selsiasi. Kaunti ya Maricopa, ambamo mji huu umo, ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka huo. Mwaka uliofuata, 2024, zikapita siku 113 mfululizo ambazo joto la mchana halikushuka chini ya nyuzi 100. Bembea ya chuma hapa mwezi wa Julai haikaliki, inaunguza kama kikaango. Tangu 2021 mji hufunga njia za kupanda milima ya Camelback na Piestewa saa za mchana siku za onyo la joto kali. Hao ni watu wazima wenye viatu na chupa za maji, wanaambiwa rudini nyumbani.

Na ni katika miezi hiyo hiyo ndipo shule zimefungwa. Hebu jiulize, mtoto wa miaka sita anacheza wapi?

Jibu mnalijua. Anacheza sebuleni, kwenye nyumba ya vyumba viwili, mapazia yamefungwa, kiyoyozi kinakula hela. Baba amelala kwa sababu usiku alikuwa kazini ghalani, kwa hiyo hakuna kupiga kelele. Kinachobaki ni simu na televisheni, kuanzia asubuhi mpaka giza, wiki nane hadi kumi. Halafu shule zikifunguliwa tunashangaa kwa nini mtoto hatulii.

Kwa maoni yangu, katika nchi ya jangwa, mahali penye paa na ubaridi ambapo mtoto anaweza kukimbia na kupiga kelele si anasa. Ni kama kisima kijijini. Na mahali hapo papo, isipokuwa mlangoni kuna mtu wa tiketi.

Chukua Makumbusho ya Watoto ya Phoenix, Children's Museum of Phoenix. Yalifunguliwa mwaka 2008 katikati ya mji, ndani ya jengo la zamani la shule ya Monroe. Mkuki hakuna. Kuna kitu cha kupanda kilichounganishwa kwa vipande vya kila namna ya takataka na vyombo, kinakwenda juu hadi ghorofa ya tatu, na watoto wanatambaa humo kama sisimizi. Kuna msitu wa mapande marefu ya sponji yanayoning'inia kutoka darini, unapita katikati unapotea. Kuna duka la vyakula ambalo mtoto ndiye muuzaji. Na kuna mahali pa kuoshea magari, ila magari ni baiskeli za magurudumu matatu. Humo ndani neno usiguse halipo. Mtoto asipogusa ndipo wahudumu wanapomwangalia kwa wasiwasi.

Niliwahi kumweleza dada mmoja wa Kikongo habari hii, mama wa watoto wanne, mtu ninayemheshimu sana. Akacheka kwanza. Kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, mtoto akiosha kibaiskeli, mimi nalipa hela, halafu napata nini?"

Swali zuri, tusilipuuze. Anapata mtoto aliyechoka, hilo la kwanza, na mzazi yeyote anajua thamani yake. Anapata pia mtoto aliyebishana na mtoto mwingine nani aoshe kwanza, wakasuluhishana kwa Kiingereza bila mwalimu kusimama pembeni. Mtoto aliyekuja nchi hii mwaka jana anahitaji hilo kuliko katuni. Lakini sehemu ya pili ya swali, ile ya hela, ndiyo yenye uzito. Kiingilio pale ni zaidi ya dola 15 kwa kichwa. Yeye na wanawe wanne ni dola 75 na ushee, bado nauli, bado njaa. Kwa mama anayesafisha vyumba hotelini, hizo ni sehemu kubwa ya hela za siku nzima ya kazi.

Treni ya mji inapita jirani, kweli. Kutoka kituoni ni dakika chache za kutembea. Ila dakika chache za Julai, na mtoto mchanga mgongoni, waulize waliozitembea.

Sasa kuna mambo mawili ambayo wengi wetu hawayajui, na nimeona aibu kwa niaba yetu sote waandishi kwamba hakuna aliyewaambia kwa Kiswahili. La kwanza ni pasi ya maktaba. Taasisi iitwayo Act One imekuwa ikiweka kwenye maktaba za kaunti za Maricopa na Pima pasi zinazoitwa Culture Pass. Unakwenda na kadi yako ya maktaba, ambayo ni bure, unaazima pasi kama unavyoazima kitabu, mnaingia bure kwenye sehemu zilizo katika orodha. Pasi si nyingi. Anayewahi ndiye anayepata, na kwa kawaida haiwatoshi watoto sita na shangazi.

La pili ni mpango wa nchi nzima unaoitwa Museums for All, ulioanza mwaka 2014. Mwenye kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula, akiionyesha pamoja na kitambulisho, analipa dola 3 au pungufu kwa kila mtu, hadi watu wanne, kwenye makumbusho yaliyojiunga. Uliza mlangoni kama wamo. Usione haya, wanaulizwa kila siku.

Lakini hapa ndipo ninapokasirika. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa wakimbizi kwenye msaada huo wa chakula mpaka wapate kadi ya kijani. Tunazungumza juu ya watu waliokuja kihalali, waliohojiwa miaka na miaka kambini Nyarugusu au kwingineko kabla ya kupanda ndege. Kwa hiyo familia ngeni kabisa, isiyo na gari wala ndugu mwenye bwawa la kuogelea, imenyang'anywa chakula na pamoja nacho kadi iliyokuwa inafungua mlango wa makumbusho kwa dola 3. Nani aliyekaa akafikiria kwamba mtoto atapoteza na hicho? Hakuna. Mambo ya watoto huanguka hivyo, bila mtu kuyasukuma.

Kaunti ina mtandao wa vituo vya kupoza mwili, kuanzia Mei hadi Septemba. Unaingia, unakaa, unapewa maji. Ni jambo jema na limeokoa watu. Ila mchukue mtoto wa miaka mitano umketishe kwenye kiti cha plastiki saa nne na chupa ya maji, halafu uje unihadithie. Mimi nasema hivi: miezi ya Juni na Julai, makumbusho ya watoto yahesabiwe kuwa vituo vya kupoza watoto. Kaunti na mji walipie asubuhi kadhaa kwa wiki, milango ifunguliwe bila kuulizana kadi za nani. Nitaambiwa makumbusho haya ni mashirika yasiyo ya faida, yanaishi kwa tiketi na wafadhili. Najua. Ndiyo maana nataja kaunti na mji, sijasema mwenye tiketi ajitolee.

Haya, mpaka hapo nimesifia kiyoyozi. Sasa nigeuke kidogo.

Mtoto anayekulia hapa akiliona jangwa kwa dirisha la gari tu, ataliogopa. Wapo watoto wetu waliozaliwa Tucson wanaodhani nje ya mji kuna nge, nyoka na kifo, basi. Kwa hao nawapendekezea Arizona-Sonora Desert Museum, magharibi ya Tucson. Lilianzishwa mwaka 1952, na sehemu kubwa yake iko nje, bila paa. Ni bustani ya mimea na ya wanyama na makumbusho, vyote kwa pamoja, na viumbe vilivyomo ni vya ukanda wa jangwa hili hili la Sonora. Sikuona simba wala twiga. Niliona puma amelala kwenye mwamba wenye kivuli, kajichagulia mahali pazuri kuliko sisi wageni.

Pale ndipo mtoto anapojifunza kwamba jangwa si mahali patupu. Ule mpungate mrefu uitwao saguaro, unaouona kwenye sinema za kikauboi umeinua mikono, unachukua miaka 50, 70 au zaidi kabla ya kuchipua mkono wa kwanza. Mwambie mtoto mwenye miaka saba jambo hilo, uone anavyosimama kuuhesabu. Watu wa Tohono O'odham, wenyeji wa nchi hii, huvuna matunda yake mwezi wa Juni kwa miti mirefu, katikati ya joto lile lile linalotufungia sisi ndani. Wapo vyura wanaojizika ardhini miezi mingi, wakisikia mtikisiko wa mvua za Julai wanatoka usiku, wanazaliana kwenye madimbwi, na viluwiluwi vyao vinaweza kugeuka vyura ndani ya wiki mbili kabla dimbwi halijakauka. Mtoto aliyefukuzwa kwao akaanza upya ugenini atamwelewa chura huyo kabla hujamaliza kueleza. Mimi sikulazimika kumfafanulia yeyote.

Ubaya ni bei, karibu dola 30 kwa mtu mzima, na basi la mji halifiki. Mkikodi gari moja familia tatu, inawezekana. Nendeni alfajiri, au majira ya joto wanapofungua jioni za Jumamosi. Usiku nge wakimulikwa kwa tochi maalumu wanang'aa rangi ya kijani, na watoto wakishaona hivyo hawalali ndani ya gari wakati wa kurudi, nawatahadharisha.

Kwa walio Phoenix wasioweza kwenda mbali, Desert Botanical Garden nayo ina jioni za tochi. Bustani ya wanyama ya Phoenix majira ya joto hufungua mapema na kufunga mchana, kwa hiyo msifike saa sita mkiwa mmevaa nguo za Pasaka. Na kama kuna baba anayedhani yeye hayamhusu, apelekwe Musical Instrument Museum, iliyofunguliwa 2010. Ukikaribia onyesho, kifaa ulichovaa masikioni kinaanza kupiga muziki wa nchi ile. Afrika ina ukumbi wake pamoja na Mashariki ya Kati, nchi moja baada ya nyingine. Nilimkuta mzee mmoja mbele ya ngoma, macho kafumba, mjukuu anamvuta mkono akitaka kwenda chumba cha mwisho ambako watoto wanaruhusiwa kupiga vyombo wenyewe. Mzee hakutaka kuondoka.

Yule dada wa Kikongo nilimpelekea fomu ya kadi ya maktaba. Ameijaza. Sasa anataka kujua pasi zinatolewa siku gani, saa ngapi, na kama anaweza kupanga foleni kabla hawajafungua.