Sukari, Lehemu na Kiti cha Ofisi

Dakta Donald McLarty, Dakta Andrew Swai na wenzao wa Muhimbili walipowapima wanavijiji wa Kilimanjaro, Morogoro na Mara katika miaka ya 1980, waliokutwa na kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia, na lehemu katika damu ya wengi ilikuwa chini. Mwaka 2012, katika upimaji wa kitaifa wa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, walikuwa tisa katika mia. Umri na taratibu za kupima havikulingana, lakini tofauti hiyo si ndogo.

Mkulima wa Ufipa anayeinua matuta kwa jembe na kula ugali wa ulezi kwa maharage bado anayo kinga ile. Mwalimu na karani wa Sumbawanga wameiacha shambani: asubuhi chai ya sukari nyingi na maandazi, mchana kutwa kiti, jioni pikipiki hadi mlangoni.

Lakini haitoshi kumhimiza mtumishi atembee. Kisukari mara nyingi hugunduliwa macho au figo zikiwa zimekwisha kudhurika. Halmashauri hazina budi kuhakikisha kwamba kila zahanati ina kipimo cha sukari na cha shinikizo la damu, pamoja na vitendanishi visivyokwisha katikati ya mwezi, ili mwanakijiji asilazimike kupanda basi hadi mjini kwa ajili ya tone moja la damu.