Maji ya Kunywa Si Hisani ya Nyapara

Ndugu wafanyakazi wa Kitui na Makueni,

Tunasikia manyapara wakisema kwamba mwenye mawe ya figo amejiletea mwenyewe kwa kunywa maziwa. Tunayakataa maneno hayo.

Figo hutoa madini ya kalisi, yaani ile chokaa ya mifupa, pamoja na mkojo. Mkojo ukiwa mwingi, chokaa hupita. Lakini mtu akichota mchanga au kuponda kokoto juani tangu asubuhi, maji yake huishia katika jasho. Mkojo huwa kidogo, rangi ya chai, na chokaa hugandamana kuwa jiwe. Aliyewahi kulipitisha hana haja ya kuelezwa. Chumvi nyingi huzidisha chokaa inayopotea mkojoni. Maziwa yanayonywewa pamoja na chakula hayana kosa. Basi kumnyima mtu maziwa na kumwachia kiu ni tiba gani?

Waganga wanataka mwenye ugonjwa huu apate mkojo wa lita 2 na zaidi kwa siku. Dumu moja la lita 20 kwa watu 30 litafaa nini?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 32, yamwamuru mwajiri aweke maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Visima vyetu vingi vina chumvi na mito hukauka, hatubishi. Lakini tajiri anayeweza kuleta dizeli hashindwi kuleta tangi la maji.

Wajumbe wa kila kituo waandike madumu yanayoletwa na idadi ya watu, wayalete mkutanoni.